Bekari ya mtaani inalisha wengi, sasa inanielemea. Naombeni ushauri

BintiNgamiani:
Habari zenu ndugu zangu. Naomba mnisome mpaka mwisho.

Nina bekari ndogo hapa Ngamiani, Tanga. Nimeirithi kwa marehemu baba: tanuri la kuni, meza moja ya kukandia, na vijana wawili ninaowalipa kwa siku. Tunaoka boflo tu. Usiku tunakanda, tunaacha unga uumuke, saa tisa tunaanza kuchoma, na adhana ya alfajiri inakuta boflo za kwanza ziko kwenye tenga.

Miaka mitatu iliyopita nilimuuguza mama hospitali. Pale nje kuna ndugu wa wagonjwa waliotoka Handeni, Kilindi, Lushoto, wamelala kwenye kanga siku kumi na kitu, hela yote imeishia kwenye dawa. Nilimwona mama mmoja analowesha kipande cha boflo kwenye maji ya moto, anampa mtoto, yeye anakunywa maji yaliyobaki. Mama yangu alipotoka salama nikasema Mungu kanipa, nami nitatoa. Nikaanza na boflo 20 kila asubuhi.

Leo natoa 120 kwa siku. Ndugu wa wagonjwa 40, kituo cha watoto yatima 60, na wazee wa mtaani 20. Hapo sijaweka michango ya misiba na ya madrasa. Sikupanga kufika huku. Mmoja anakuja, unampa, wa pili anakuja, utamnyimaje?

Sasa nadaiwa 380,000 kwenye duka la unga. Wiki iliyopita mwenye duka kanikatalia mfuko. Niliweka kiboksi cha mchango pale mezani ili wateja wanisaidie, mteja mmoja akaniuliza mbele za watu, "Hii ya watoto au ya kupaulia nyumba?" Nikakiondoa siku ileile, usiku nikalia.

Nikiacha, watoto wale wamenizoea. Nikiendelea, bekari ya baba inafungwa. Nifanyeje?

MtunzaDaftari:
Pole sana dada. Kabla hatujakushauri tupe namba. Mfuko mmoja wa kilo 25 unatoa boflo ngapi? Unauza bei gani? Gharama zote kwa mfuko ni shilingi ngapi, vijana na pango ndani yake?

BintiNgamiani:
Kaka, mfuko unatoa boflo 360. Unga 46,000. Hamira, sukari, mafuta na chumvi 10,000. Kuni 4,000. Vijana 10,000. Pango nikiligawa ni kama 2,000. Naoka mifuko miwili kwa siku. Dukani nawapa kwa 250, wao wanauza 300.

MtunzaDaftari:
Basi sikiliza, na usione nakulaumu.

Mfuko unakugharimu 72,000. Gawa kwa 360, boflo moja inakutoka kwa 200. Unauza 250, faida yako ni 50. Maana yake kila boflo moja unayotoa bure inabebwa na faida ya boflo nne ulizouza. Ukitoa 120, faida ya boflo 480 imekwenda. Siku nzima unauza 600, kwa hiyo unabakiwa na faida ya boflo 120, yaani 6,000. Na hiyo ni kama zimeisha zote. Siku ya mvua, boflo 24 zikilala, hata hiyo 6,000 huna. Deni limetokea hapo. Hukufuja hela.

Ukishusha hadi 40 kwa siku, zinabaki 26,000. Ndani ya mwezi mwenye duka la unga anakuheshimu tena.

Jingine: ziandike boflo za bure kwenye daftari, kila siku, safu yake peke yake. Kodi ya mfanyabiashara mdogo inakadiriwa kwa mauzo, na zile hazikuuzwa. Usije ukahesabiwa kitu ambacho hela yake hukuiona.

Chuma_Moja:
Mimi nasema acha kabisa mpaka umalize deni. Ukifilisika hao wote watakula wapi?

MjukuuWaBibi:
@Chuma_Moja mkuu, usiseme hivyo. Mwaka juzi nililala nje ya hospitali wiki mbili na mdogo wangu. Sio Tanga, ni kwingine. Alikuwepo mzee mmoja analeta uji kila asubuhi. Uji ule ndio uliofanya niweze kusimama na kwenda kuuliza majibu ya daktari. Kupunguza sawa, ila kuacha kabisa hapana. Dada, Mungu akulipe.

UstadhiMakorora:
Assalaam alaykum binti yangu. Mimi ni jirani yako kwa mtaa, naandika kama mzazi.

Deni ni haki ya mtu, na sadaka hii ni hiari yako. Haki hutangulia. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuanza na wale tunaowajibika kuwalisha. Hao vijana wawili na nyumba zao wako mikononi mwako kabla ya kituo. Usione unapunguza kheri ukiwalipa kwa wakati.

Usichanganye pia zaka na sadaka. Zaka ina kiwango chake na mwaka wake, asilimia mbili na nusu ya mali iliyofika nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, na ina watu wake maalumu. Boflo za kila siku ni sadaka, unaweza kuzipunguza na kuzizidisha kwa uwezo wako bila dhambi. Naona moyo wako umeifanya kama faradhi, ndiyo maana inakuumiza. Aliyekufedhehesha mbele za watu, msamehe.

MswahiliIstanbul:
Dada, nasoma huku Uturuki, na swali lako lina jibu ambalo nalipita kila siku nikienda chuo.

Bekari za mitaani huku zina desturi inaitwa askıda ekmek, kama kusema "mkate ulioangikwa". Mteja anakuja, anachukua mkate mmoja, analipia miwili. Ule wa pili unabaki palepale kwa yeyote asiye na uwezo. Anayehitaji anaingia, anauliza kama kuna ulioangikwa, anapewa, anaondoka. Haulizwi jina wala shida yake.

Angalia tofauti na kiboksi chako. Kwenye kiboksi mtu anatumbukiza hela na hajui inakokwenda, shetani wa shaka anaingia hapo. Kwenye mkate ulioangikwa mtu ameununua mkate, anauona. Wewe weka ubao na chaki pale dirishani. Mteja akilipia boflo ya ziada, piga mstari. Boflo ikichukuliwa, futa mstari mbele ya watu. Hakuna atakayekuuliza habari ya kupaulia.

Na wewe unauza kwa 250 yako kamili. Mtaa ndio unaotoa, bekari inaoka.

MlezaWana:
Mimi nimejitolea kwenye vituo vya watoto miaka mingi. Nenda kwa mlezi mkuu ukae naye, mweleze kama ulivyotueleza sisi. Unaogopa atakasirika, hatakasirika. Kinachotuumiza sisi ni mfadhili anayekatika ghafla bila neno, umeamka asubuhi watoto wameshika vikombe vya chai na hakuna kitu. Mtu akisema "nitaleta Jumatatu, Jumatano na Ijumaa", tunapanga: siku zingine tunapika viazi au uji. Siku tatu za uhakika ni bora kwetu kuliko saba za wasiwasi.

Halafu wale wazee 20, usiwapange foleni yao peke yao. Wapite dirisha lile lile na wanunuzi, na wafungiwe kwenye gazeti lile lile.

Mwokaji_Moshi:
Naongeza la kazi yetu. Zilizolala usizitupe na usizitoe zimechakaa. Ukimaliza kuchoma, tanuri la matofali linabaki na joto masaa mengi. Kata boflo za jana vipande vyembamba, panga kwenye trei, ziache humo mpaka zikauke kabisa zivunjike kwa mkono. Weka kwenye ndoo yenye mfuniko, zinakaa wiki kadhaa, na kwa mgonjwa aliyechoka tumbo na chai ya rangi ni chakula kizuri. Ila ukiona ukungu hata doa moja, tupa boflo nzima. Usikwangue. Tanga kuna unyevu, kwa boflo isiyokaushwa siku ya tatu ni mwisho.

BintiNgamiani:
Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki tatu.

Nilienda kituoni. Mlezi alinisikiliza, akaniambia, "Mwanangu, mbona hukusema mapema?" Tumekubaliana siku tatu, boflo 40. Hospitali napeleka 20 za moto na ndoo ya zilizokaushwa, zinapendwa kuliko nilivyodhani. Ustadhi, nimewalipa vijana kwanza. Deni limebaki 210,000 na mwenye duka amenifungulia.

Ubao niliuogopa siku mbili, upo ndani nimeugeuzia ukutani. Siku ya tatu nikautoa. Wa kwanza kulipia ya ziada alikuwa mtoto wa darasa la pili aliyetumwa na mama yake. Alirudishiwa chenji akaniuliza ule ubao wa nini, akarudi mbio nyumbani, akaja na 300.

Leo mpaka saa tatu asubuhi nilishapiga mistari 31. Nimefuta 26. Unga wa kesho nimelipia taslimu.