Hivi wachekeshaji wa TV za Uingereza kuna mahali inabidi waambiwe basi?

dada_wa_leicester

Habari zenu wadau. Mi niko huku Uingereza mwaka wa kumi na moja sasa, nafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee, shifti ya usiku. Ile saa nane saa tisa usiku wazee wameshalala na umeshamaliza raundi ya kuwageuza, tunakaa jikoni watatu wanne tunakunywa chai na mtu anafungua YouTube kwenye simu. Wenzangu wanapenda sana vile vipindi vya komedi vya paneli, wachekeshaji wamekaa meza moja wanapewa habari za wiki halafu kila mtu anarusha lake. Mock the Week ndo wanakirudia kuliko vyote, ingawa BBC walishakimaliza tangu 2022.

Na mi nacheka, sitawadanganya. Juzi walikuwa wanamponda waziri mmoja wa zamani nikacheka mpaka chai ikanipalia. Klipu ikaisha ikaja nyingine yenyewe, mchekeshaji mwingine kabisa (jina naliacha) yuko jukwaani anaongelea watoto wenye usonji, anaigiza wanavyopunga mikono na sauti wanazotoa. Ukumbi unacheka, wenzangu jikoni wanacheka. Mdogo wangu wa mwisho ana usonji. Yuko Morogoro na mama, ana miaka kumi na tisa, na akifurahi mikono yake anaifanya hivyo hivyo, hivyo hivyo kabisa. Nikainuka nikaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi.

Kesho yake nikaanza kusoma nikakuta kumbe wenyewe huku wameligombania hili miaka mingi. Frankie Boyle, yule Mskoti aliyekuwa Mock the Week kuanzia 2005 mpaka 2009, Desemba 2010 kwenye kipindi chake mwenyewe cha kituo cha TV cha Channel 4 alimfanyia mzaha Harvey mtoto wa Katie Price, yule mwanamitindo maarufu wa huku. Mtoto wa miaka minane, haoni, ana usonji na maradhi mengine. Maneno yenyewe siyaandiki hapa. Mama mtu akalalamika Ofcom, wale wanaosimamia utangazaji, na Aprili 2011 wakasema Channel 4 wamevunja kanuni. Yakaishia hapo, faini hakuna.

Sasa nauliza kwa moyo kabisa, nani anatakiwa aseme basi? Mchekeshaji mwenyewe, kituo, serikali, au sisi watazamaji? Na naomba msiniambie tu "usiangalie", maana mi sikuitafuta, ilikuja yenyewe.

---

fundi_kamera

Dada pole sana. Mi nimeediti vipindi vya TV hapa Dar miaka sita kwa hiyo nitaongelea upande ninaoujua, na huo ndo upande ambao watu hawauoni.

Watazamaji wanadhani mchekeshaji kateleza ulimi. Vipindi vile havirushwi laivu. Wanarekodi masaa mawili matatu mbele ya watu halafu wanakata mpaka inabaki nusu saa. Maana yake kila neno unalolisikia kuna mtu ameliona kwenye skrini, akalirudia, akamuuliza bosi wake, na bosi akasema liache. Kwa hiyo ukimlaumu Boyle peke yake unawaachia wenzake watano sita ambao sura zao hazionekani na mishahara yao inaingia kama kawaida.

Angalieni ya Rebecca Adlington. Binti wa miaka 19 ametoka Olimpiki ya Beijing 2008 na dhahabu mbili za kuogelea, mita 400 na mita 800, nchi nzima inamshangilia. Mock the Week Boyle anasema anafanana na mtu anayejitazama nyuma ya kijiko. Watu wakalalamika, mwaka uliofuata baraza la juu la BBC likakiri kwamba yale maneno yalikuwa ya kumdhalilisha. Sasa nani aliyarusha? Alikuwepo mwediti, alikuwepo prodyuza, na mkasi walikuwa nao mkononi. Miaka mitano baadaye, 2013, yule binti yuko kwenye kipindi cha wale mastaa wanaopelekwa porini akalia mbele ya kamera kwa sababu ya sura yake na mwili wake, akaeleza watu wanavyomsema. Sisemi ni mzaha mmoja uliomliza, alisemwa na wengi, mitandaoni hasa. Ila mmoja wa hao wengi alilipwa na BBC.

Na ile ya watangazaji Jonathan Ross na Russell Brand wa BBC, ingawa ilikuwa redio, ni hivyo hivyo. Oktoba 2008 wanampigia simu mzee Andrew Sachs, mwigizaji wa miaka 78, hapokei, wanamwachia ujumbe wa matusi kuhusu mjukuu wake wa kike. Ilirekodiwa! Ilikaa siku kadhaa kabla haijarushwa na bado ikarushwa. Ross alisimamishwa wiki 12 bila mshahara, Brand akajiuzulu, mama aliyekuwa mkuu wa Radio 2, redio ya BBC waliyokuwa wanatangazia, naye akajiuzulu, na Ofcom wakawapiga BBC faini ya pauni 150,000. Kwangu mimi ile ndo mara moja adhabu ilipanda ngazi mpaka kwa waliokuwa na mkasi.

---

mtoto_wa_kkoo

Nakuheshimu fundi ila umeacha kitu. Kwenye hiyo ya Sachs ilipotoka hewani walalamikaji walikuwa wawili tu. Wawili! Gazeti moja la Jumapili likaandika wiki iliyofuata ndo malalamiko yakapanda mpaka zaidi ya elfu arobaini. Hao wote hawakusikiliza kipindi, walisoma gazeti. Ndo maana mi naogopa sana hii habari ya "imezidi", kwa sababu anayepima kipimo siku zote ni mwenye kelele kubwa.

Tukumbuke kwetu. Mei 2020 Idris Sultan, huyu huyu aliyetuletea ushindi wa Big Brother Africa 2014, alikamatwa baada ya kujirekodi anaicheka picha ya zamani ya Rais Magufuli akiwa na suti kubwa. Kosa lake lilikuwa kucheka tu, tusi hakutoa. Ukishamkabidhi mtu mamlaka ya kusema utani huu umezidi hutamchagulia ataitumia kwa nani, leo kwa mtoto mlemavu kesho kwa bwana mkubwa asiyependa suti yake ionekane kubwa.

Na Boyle mwenyewe msimfanye shetani. Gazeti la Daily Mirror lilimwita mbaguzi wa rangi, akaenda mahakamani 2012, baraza la wazee wa mahakama likasikiliza mizaha yake moja moja na likampa ushindi, zaidi ya pauni 54,000, na akasema hela inaenda kwenye hisani. Maana yake wananchi wa kawaida wamekaa wakasikiliza na wakaelewa kwamba kusema neno baya ukiwa unamwigiza mtu mbaya sio sawa na kuliamini.

Dada nimeumia na habari ya mdogo wako, kweli kabisa. Ila mi bado nasema tuzime simu tusiite polisi.

---

fundi_kamera

Mkuu hakuna aliyesema polisi. Nimesema mkasi. Tofauti ni kubwa mno.

---

mzee_wa_tabora

Wanangu salaam. Nimesoma yote mliyoandika na nawashangaa kidogo maana mnatafuta kwa Waingereza kitu ambacho babu zenu walishakiweka sawa.

Sisi Wanyamwezi tuna utani na Wazaramo, tena wa zamani, wa tangu misafara inateremka pwani na pembe na kurudi na nguo. Baba yangu alipofariki mtani wetu mmoja wa Kizaramo aliingia uani kwenye msiba, watu wanalia, yeye akalala juu ya mkeka akajifunika shuka, akasema sasa mi ndo marehemu na siamki mpaka mnilipe madeni yote niliyokuwa nawadai. Mama yangu alikuwa hajala siku mbili. Alicheka. Alicheka huku machozi yanatoka na baada ya hapo akanywa uji.

Ukimsikia mtu wa nje atasema huyu kazidi, mzaha msibani! Lakini yule mtani alifika alfajiri akashika jembe kwenye kaburi, alibeba maji, alikesha na sisi. Na mwaka wa pili kulipokuwa na msiba kwake mi nilikwenda nikamfanyia na mimi. Utani una kwenda na kurudi. Anayekutukana leo ndo atakayekuzika, na wewe una haki ya kumrudishia na hawezi kununa, akinuna anatozwa. Na kuna ambaye humtanii, mgeni asiyejua mila, mtoto mdogo asiyeweza kukujibu. Huyo ukimfanyia wazee wanakuita kando.

Sasa huyo bwana wa kwenye televisheni na yule mtoto wa miaka minane asiyeona, wana utani gani? Mtoto atamrudishia lini, kwa kituo kipi? Na siku mama yake amekwama na mtoto hospitali usiku, yule bwana atabeba maji? Ile si kutania, ile ni kumdhihaki mtu, na Kiswahili kilishatenga maneno haya mawili zamani sana, mkiyachanganya ndo mnabishana mpaka asubuhi.

Kijana wa Kariakoo kuhusu rais uko sahihi kabisa. Mkubwa ana askari, ana redio, ana ndege. Anaweza kujibu. Mcheke.

---

mtoto_wa_kkoo

Mzee shikamoo. Hilo la kwenda na kurudi sikuwahi kuliwaza hivyo. Ila nikuulize, Adlington je? Yule alikuwa mtu mzima na maarufu, kamera zote zilikuwa zake, angeweza kujibu.

---

mzee_wa_tabora

Marahaba. Angejibu nini mwanangu? Yeye kazi yake ni kuogelea. Ukimtania kwamba ameshindwa kuogelea atakujibu majini. Sura hakuichagua wala haishindaniwi.

---

pwani_254

Wadau mi niko Mombasa, nafuatilia sana hizi shoo. Mnaongea kama mchekeshaji, kituo na serikali ndo wapo tu, mmewasahau waliokaa naye mezani. Paneli sio jukwaa. Jukwaani uko peke yako, paneli kuna watu watano wanaoweza kunyamaza au kusema "a-a".

Novemba 2017 kwenye Have I Got News for You, ile ya BBC inayorushwa tangu 1990, mchekeshaji wa kike Jo Brand alikuwa ndo mwendeshaji na wanapaneli wote wanne walikuwa wanaume. Ile wiki ilikuwa habari za wabunge kuwasumbua wanawake kingono. Mmoja wao, Ian Hislop, akasema kama baadhi ya hayo makosa sio makubwa hivyo, wanaume wakawa wanalichezea lile jambo. Jo Brand akawakatiza, bila kupiga kelele. Akawaambia kwa maneno yake kwamba yeye ndo anawakilisha wanawake pale, na ukisumbuliwa kila siku hata kwa kadogo kadogo inajijenga mpaka inakuchosha. Studio nzima ikapiga makofi na wale wanaume wakakaa kimya, sura zao zilikuwa zinaonyesha.

Hakuna aliyefutwa kazi, hakuna faini, na kipindi kiliendelea kuchekesha. Na fundi hii itakufurahisha, waliokuwa na mkasi hawakuikata. Jiulize kama siku ile ya Adlington kungekuwa na Jo Brand mmoja kwenye ile meza. Mock the Week miaka mingi wiki nyingi walikaa wanaume watupu, mpaka 2014 mkuu wa televisheni wa BBC alipotangaza kwamba paneli za wanaume peke yao sasa basi.

Dada wa Leicester, jikoni kwenu ni meza pia.

---

dada_wa_leicester

Asanteni jamani wote, na mzee shikamoo, nimeisoma ya kwako mara tatu na nimempigia mama nikamsomea kwenye simu.

mtoto_wa_kkoo sikukasirikii, hoja ya Idris naielewa na mi pia sitaki polisi. Ila kuna kitu nilikisoma nataka ukijue. Yule Katie Price miaka ya baadaye alianzisha maombi ya saini bungeni kwa sababu Harvey alipokua watu waliendelea kumtukana mitandaoni, zikapatikana zaidi ya saini 220,000, na Januari 2019 kamati ya bunge ikatoa ripoti nzima kuhusu watu wenye ulemavu wanavyotukanwa mtandaoni. Yaani ukishamwonyesha mtu kwenye TV kwamba mtoto fulani anachekeka, simu za watu hazina ile saa tatu usiku ya TV za huku, ambayo kabla yake vipindi vya wakubwa haviruhusiwi.

pwani_254 ile sentensi yako ya mwisho ilinikaa. Jana nilikuwa shifti na wale wale. Simu ikafunguliwa kama kawaida, klipu mbili za wanasiasa tukacheka, halafu nikawaambia naomba niwaonyeshe kitu. Nikafungua video mama aliyonitumia, mdogo wangu ameletewa redio mpya, anapunga mikono ile anavyopunga akifurahi, mama anacheka nyuma ya kamera. Nikawaambia huyu ni mdogo wangu, anaitwa hivi, anapenda redio na ndizi za kukaanga.

Walinyamaza muda mrefu. Halafu dada mmoja wa Kipolandi, yule ndo alicheka zaidi ile siku, akaniuliza redio yenyewe inashika stesheni gani, na kama anaweza kuiangalia tena video. Tukaiangalia mara nne. Kengele ya chumba namba sita ikalia nikaenda.