Smoky Mountains Oktoba na RV: tulale ndani ya hifadhi au kambi ya nje yenye umeme?

Chaupele_KY: Habarini wadau. Tunataka kukodi RV, lile gari lenye vitanda na jiko ndani, twende hifadhi ya Smoky Mountains kule Tennessee Oktoba kuona majani yakibadilika rangi. Nipo njia panda, tulale Elkmont au Cades Cove ndani ya hifadhi, au zile kambi za watu binafsi mjini Pigeon Forge, nje ya hifadhi, zenye umeme na maji. Mke wangu anataka ndani watoto walale wakisikia mto, mimi naona bora pa nje. Ijumaa natakiwa nilipie gari, nipeni mawazo.

Bibi Trela: RV futi ngapi? Tarehe zipi? Mko wangapi? Elkmont motohomu (RV yenye injini yake) mwisho futi 35 na trela ya kuvutwa 32, Cades Cove inafika 40 na trela 35. Na ujue nafasi zinafunguliwa miezi 6 kabla kwenye tovuti ya Recreation.gov, kwa Oktoba watu wanazinyakua siku hiyohiyo.

Mzee wa Charlotte: Ndani tu, hakuna mjadala. Ukilala Cades Cove unaamka alfajiri unaingia ile barabara ya mduara ya maili 11 watu wa hotelini bado wamelala, ukungu umejaa bondeni na kulungu wako pembeni hapo wanakula majani. Subiri saa nne uone, dubu mmoja akitokea kila mtu anasimamisha gari na hakuna pa kupita maana ni njia ya upande mmoja.

MamaTwins: Kaka Chaupele, kabla hujalipa nisikilize. Sisi tulilala ndani mwishoni mwa Oktoba, RV tulikodi kampuni moja siitaji jina. Hita ya RV inachoma propani, sawa, lakini feni yake inakula betri, na betri waliyotupa ilikuwa imechoka. Saa nane usiku feni ikaanza kuzunguka polepole halafu kimya. Jenereta huwezi kuwasha, kuanzia saa mbili usiku mpaka saa mbili asubuhi ni marufuku. Nikawavalisha watoto soksi mbilimbili tukabanana wote kitanda kimoja na kila blanketi na kanga iliyokuwepo, vioo vinatiririka maji ya pumzi zetu. Asubuhi simu haina mtandao mpaka tushuke mjini Gatlinburg ndio tuwapate watu wa kampuni, wakatuambia sisi ndio tumeua betri na pesa ya dhamana wakabaki nayo. Bafu nazo ndani hakuna, vyoo tu na maji baridi.

Chaupele_KY: Duh, poleni sana dada. RV ni futi 28, tuko watano, tarehe 17 mpaka 20. Mama yangu mzazi pia anakuja, anatumia ile mashine ya kupumulia usiku.

Bibi Trela: Hilo la mama ndilo lilitakiwa liwe sentensi ya kwanza! Mama mzazi na mashine, tafuta umeme. Ila Pigeon Forge Oktoba foleni inatesa, nenda mji wa Townsend, pametulia na njia ya Cades Cove inaanzia hapo.

Mzee wa Charlotte: Mashine nyingi zinatumia betri ya volti 12, ukizima kile kipasha maji cha mashine, betri inakaa usiku mzima. Bado nasema ndani.

MamaTwins: Mzee, betri ipi sasa? Hiyohiyo ya kampuni? Kwa mama wa mtu hatubahatishi.

Ndovu_Columbus: Tarehe hizo kule juu mlimani Newfound Gap majani mengi yatakuwa yameshadondoka, katikati ya mlima ndio yamewaka, mabondeni bado kuna kijani. Kiingilio bure ila ukipaki zaidi ya dakika 15 unalipia, dola 5 kwa siku au 15 kwa wiki. Na kuni usibebe za Kentucky, zinatakiwa zile zilizokaushwa kwa joto zenye muhuri.

Kijana wa Nakuru: Kuni na muhuri tena? Zinauzwa bei gani hizo? Kuni si ni kuni tu.

Ndovu_Columbus: Si kuni tu. Kuna mdudu anasafiri ndani ya gogo anamaliza misitu mizima, hifadhi ishapoteza miti mingi. Dola chache za kuni hazikuumizi.

Kijana wa Nakuru: Sawa mkuu. Na nyama choma je, dubu hawaji?

Bibi Trela: Wanakuja. Oktoba wanakula usiku na mchana wajinenepeshe kwa baridi. Choma, kula, halafu sufuria, sanduku la barafu na hata dawa ya meno vyote ndani ya gari. Usiache hata mfupa.

Chaupele_KY: Nimemsomea mke wangu yote, bado anataka mto. Townsend kuna kambi zilizo mtoni kabisa zenye umeme?

Bibi Trela: Zipo, mto Little River unapita hapohapo mjini. Piga simu leo usingoje Ijumaa.

Mzee wa Charlotte: Ipigie na hifadhi uwaulize wanasaidiaje mtu mwenye mashine.

Kijana wa Nakuru: Ile barabara ya Roaring Fork ndani ya hifadhi, RV inapita?

Ndovu_Columbus: Hairuhusiwi kabisa, RV wala trela. Kodi gari dogo.

MamaTwins: Gari dogo la kukodi Gatlinburg mnapata wapi Oktoba?