Daktari anampenda nani katika On a Clear Day You Can See Forever?

Mtazamaji wa Usiku:
Wapenzi wa filamu za muziki, naombeni maoni yenu. Nimeitazama filamu hii ya mwaka 1970, iliyoongozwa na Vincente Minnelli, nami nimeifurahia, ila mapenzi yake yamenitatiza. Daisy (Barbra Streisand) anamwendea Daktari Chabot (Yves Montand) ili alazwe kwa hipnosisi, yaani usingizi unaoletwa na maneno ya daktari, apate kuacha sigara, kwa kuwa mchumba wake hazitaki. Lakini akiwa katika usingizi huo anaanza kuzungumza kama Melinda, bibi wa Kiingereza aliyeishi zaidi ya karne moja kabla yake. Daktari anampenda Melinda, Daisy anampenda daktari, na Melinda ndiye Daisy katika maisha yake ya awali. Je, hayo ni mapenzi au ni mzaha mtupu?

Shabiki wa Nyimbo:
Ni mzaha, ndugu yangu, lakini una uchungu ndani yake. Kumbuka pale Daisy anaposikiliza kanda zilizorekodiwa na daktari, akagundua kwamba anayetakiwa si yeye bali yule anayejitokeza akishalala. Kisha anaimba What Did I Have That I Don't Have?, akijiuliza amepungukiwa na nini, ilhali mke mwenza wake ni yeye mwenyewe! Burton Lane na Alan Jay Lerner waliutunga wimbo huo kwa ajili ya mchezo wa jukwaani wa mwaka 1965, na kwa maoni yangu filamu haipandi juu zaidi ya hapo.

Mzee wa Sinema:
Mimi simlaumu daktari, ingawa Montand ni mkavu mno kwa mtu aliyepagawa na mapenzi. Zitazame sehemu za Brighton, Uingereza, zilizopigwa picha ndani ya kasri lenyewe la Royal Pavilion: Melinda ameketi kwenye karamu akiwa na kilemba cheupe na mavazi yaliyobuniwa na Cecil Beaton, hafungui kinywa, anamkazia macho mwanamume aliye mbele yake huku mawazo yake yakiimbwa. Nani asingepumbazika? Jack Nicholson naye yumo, japo wimbo wake ulikatwa.

Msomaji Makini:
Tusisahau kwamba hipnosisi haithibitishi maisha ya awali. Mtu aliyelazwa huweza kubuni kumbukumbu na kuziamini kabisa. Filamu inalichukulia jambo hilo kwa wepesi, na inafanya vyema. Kuhusu swali lako, mizani inaelemea kwa Daisy tangu mwanzo, kwani ndiye anayeyaimbia maua yakachanua na kujua simu italia kabla haijalia. Melinda ana urembo, lakini hana vipaji hivyo. Daktari anachelewa kuliona hilo, hata inambidi apande juu ya jengo la Pan Am mjini New York kumwimbia arudi. Daisy anarudi, analazwa mara ya mwisho, na akiwa usingizini anataja ndoa yao ya mwaka 2038, katika maisha yao yajayo. Kwa hiyo wanaagana bila kinyongo, kwa kuwa posa imekwisha kukubaliwa. Aliyebaki mikono mitupu ni yule mchumba aliyechukia sigara.