Murphy hakustahili kufa vile. Battle Ground imenikera!

Wakuu, uzi huu unafichua mwisho wa Battle Ground. Kama bado uko vitabu vya mwanzo vya The Dresden Files, mfululizo wa riwaya za Jim Butcher kuhusu Harry Dresden, mchawi wa Chicago, upite kwanza, usije ukanilaumu.

Nina hasira kwelikweli. Karrin Murphy tuko naye tangu kitabu cha kwanza, Storm Front ya mwaka 2000. Ofisa wa polisi wa Chicago, mfupi wa kimo, hana hata chembe ya uchawi, anaongoza kitengo kinachotupiwa kesi za ajabu ambazo wakubwa hawataki hata kuzisikia. Harry Dresden ana fimbo yake na koti lenye kinga. Murphy ana bastola na aikido, na bado anaingia naye kwenye kila shimo. Wanyonya damu, majitu, wachawi wa kila aina, yumo. Ndiye aliyenifanya niamini kwamba Chicago ile ina watu wa kawaida wanaoishi ndani yake, siyo uwanja wa wenye nguvu kupigania tu.

Na amelipa! Alishushwa cheo, baadaye akafukuzwa kazi aliyoipenda kuliko kitu chochote. Katika Skin Game ya 2014 Nicodemus, adui mkubwa wa Harry, akamvunja viungo. Tukakaa miaka sita bila riwaya nyingine ya mfululizo huu. Julai 2020 inakuja Peace Talks, Murphy bado anauguza majeraha, na hatimaye yeye na Harry ni wapenzi. Septemba mwaka huohuo inakuja Battle Ground, anauawa.

Sasa sikilizeni anavyouawa. Mwili wake haujapona, anasimama mbele ya jitu la kutisha na kuliangusha kwa bazuka. Hapo nilisimama kwa furaha. Kisha anatokea Rudolph, aliyewahi kuwa chini yake kitengoni, mtu ambaye kwa miaka yote amekataa kukubali anachokiona kwa macho yake. Ana kiwewe, kidole kiko kwenye kifyatulio, risasi inatoka. Basi, Murphy kwisha.

Najua kuna watakaosema vita ndivyo ilivyo, watu hufa kipuuzi. Nakubali kabisa, na kifo cha kipuuzi kingeweza kuwa kizito kuliko cha kishujaa. Lakini mwandishi akichagua njia hiyo, ampe msomaji nafasi ya kuumia. Hapa Harry anamkimbilia Rudolph amuue, rafiki zake Sanya na Butters wanamzuia (sehemu hiyo imeandikwa vizuri, sikatai), halafu tunarudishwa vitani. Ethniu, yule Titan anayeishambulia Chicago, silaha yake Jicho la Balor, majengo yanaanguka, sura baada ya sura. Nilikuwa nafungua kurasa huku sijali tena nani anashinda.

Vita inaisha, Mab, malkia wa majini ambaye Harry anamtumikia, anatangaza kwamba Harry atamwoa Lara Raith, kiongozi wa wanyonya damu. Jamani! Matanga hayajaanuliwa, mtu anatafutiwa mke? Naelewa kwamba Mab hana huruma na kwamba ni ndoa ya siasa. Hilo ni la Mab. Aliyepanga tukio hilo likae hapo, karibu kiasi hicho na maiti ya Murphy, ni Jim Butcher.

Halafu tunaambiwa Murphy amechukuliwa kuwa miongoni mwa mashujaa waliokufa wa mungu Odin, na hawezi kurudi maadamu wapo wanaomkumbuka. Kwa hiyo hatumziki moja kwa moja, wala hatumpati. Ni kumning'iniza tu.

Kingine kinachoniuma ni kwamba vitabu hivi viwili vilikuwa kimoja, vikakatwa. Peace Talks haina mwisho, inakatika njiani. Kwa nini Thomas, kaka yake Harry, alitaka kumuua mfalme Etri? Unalipia kitabu cha pili ndipo upate jibu. Nafasi hiyo yote ya kurasa ilikuwepo, na Murphy akakosa hata sura moja ya kuombolezwa kwa utulivu katikati ya kelele zile.

Sidai asife. Nadai angepewa uamuzi. Angejua jitu litamuua na akabaki palepale, ningelia na kumheshimu mwandishi. Au kama lazima awe Rudolph, basi simamisheni vita, tuketi na Harry kando yake.

Waliosoma, niambieni bila kumtetea mwandishi kwa mazoea: mlipofika kwenye posa ya Lara, mliendelea vipi?