Mafundi umeme wa magari, indiketa MOJA mmenigharimu 147,000, faini ikiwemo!

Wakuu, leo nimekuja na hasira zangu zote. Asiyetaka kelele apite.

Nina Carina TI ya 1998, tumetoka nayo mbali. Mwezi uliopita indiketa ya kushoto ikaanza kupepesa mbio mbio kama ina homa. Kulia inakwenda vizuri, tik... tik... tik. Kushoto tiktiktiktik. Shikeni hapo, KULIA ILIKUWA NZIMA, maana ndipo uhuni wote ulipo.

Fundi wa kwanza hata hakuinama. "Bosi, globu hizi za kizamani, tuweke LED, hutanitafuta tena." 12,000 ikatoka. Matokeo yake na kulia nako kukaanza kukimbia! Jamani, globu ya indiketa ni wati 21, LED inakula umeme kiduchu. Flasha, kile kidude kinachozipepesa indiketa, ikiona mzigo umepungua inajua globu imeungua, inapepesa haraka ili dereva ashtuke. Ndiyo kazi yake. Hili mimi nimelisoma usiku mmoja kitandani, yeye anayeishi kwa kazi hiyo hakulijua? Kumrudia, ananiambia nitazoea.

Nikarudisha globu za kawaida. Haikupita wiki, trafiki huyu hapa: ya nyuma kushoto haionekani. Faini elfu 30. Sikubisha, taa ilikuwa hafifu kweli.

Fundi wa pili: "Flasha imekufa." 25,000 na ufundi ndani. Hakuna kilichobadilika. Na kingebadilikaje? Flasha ni MOJA, inahudumia pande zote mbili. Ingekuwa imekufa, kulia kungepepesa vipi?

Wa tatu ndiye aliyenimaliza. "Swichi ya kwenye usukani imechoka." Akaenda mwenyewe Gerezani, kule kwenye maduka ya spea Dar, karudi na swichi ya mtumba 60,000, ufundi 20,000. Nawasha kushoto: tiktiktiktik. Angebonyeza hazadi tu, ile ya kuwasha indiketa zote kwa pamoja, angeona. Hazadi haipiti kwenye mkono wa indiketa, na bado taa ile ya nyuma ilikuwa inawaka kinyonge. Sasa swichi inaingiaje hapo?

Mnajua nani kaniokoa? Jirani yangu muuza chipsi, hata tairi hajui kubadili. Natoka getini kwa rivasi, ananiambia, "Braza, mbona ukikanyaga breki na ile ya njano inawaka kwa mbali?"

Nikazima gari pale pale. Taa ya breki na indiketa ziko kwenye kasha moja la nyuma, zinatumia ethi moja, ule waya wa kurudisha umeme kwenye bodi. Ethi ikiwa mbovu umeme unakosa njia ya kurudi kwenye bodi, unajipenyeza kupitia globu ya jirani. Nikafungua buti, nikatoa kapeti, boliti ya ethi nikaikuta imevaa kutu utadhani imefukuliwa baharini. Spana namba 10, msasa kwenye bodi na kwenye kichwa cha waya mpaka vikang'aa, nikakaza. Robo saa. Msasa wenyewe nilikatiwa kipande cha shilingi mia tano.

Tik... tik... tik. Kushoto na kulia.

Mafundi watatu, hakuna hata mmoja aliyeshika testa. Hata ile ya kijitaa na waya, ya bei ya soda chache, hakuna! Wao kazi ni kuotea: toa hiki, weka kile, mwenye gari atalipa. Na msinijibu humu kwamba gari ni la zamani. Gari la zamani ndilo rahisi, taa zake hazina kompyuta ya kukuficha kitu, ni waya, fyuzi, flasha na globu.

Hasira yangu ya leo hasa ni hii. Ile swichi ya mtumba nikishakata kona hairudi yenyewe, naendesha indiketa inawaka hadi watu wananipigia honi. Nimemfuata fundi anirudishie swichi yangu ya awali, ambayo kumbe ilikuwa nzima kabisa. Ananiambia alishamfungia mteja mwingine.