Betri 4 za jeli au lithiamu moja ya 48V kwa nyumba ya vyumba vitatu: tulinganishe

Ihumwa24
Wakuu, habari za leo. Naomba tulinganishe betri za kufunga kwenye nyumba ya vyumba vitatu hapa Dodoma. TANESCO ipo, ila lengo ni sola ibebe nyumba mchana na usiku, umeme wa gridi ubaki wa akiba. Matumizi ya siku yaliyopimwa:

Taa 12 za wati 9 kwa saa 5, uniti 0.54. Friji la lita 150, uniti 0.9. TV ya wati 50 kwa saa 6, uniti 0.3. Ruta ya wati 10 saa 24, uniti 0.24. Feni 3 za wati 50 usiku kwa saa 8, uniti 1.2. Pampu ya maji ya farasi 1 kwa saa moja, uniti 0.75. Jumla uniti 3.9.

Machaguo matatu:
A. Betri 4 za jeli, 12V 200Ah, zikiungwa mfululizo kuwa 48V
B. Lithiamu fosfati moja ya 51.2V 100Ah (ndiyo inayoitwa ya 48V)
C. Lithiamu fosfati ya 25.6V 200Ah na inveta ya 3kW ya 24V

A na B ni kwa inveta ya 5kW. Ipi mngefunga, na kwa nini?

fundi_wa_volti
Mkuu, umemsahau mlaji mmoja: inveta yenyewe. Inveta ya 5kW ikiwa imewashwa tu, bila mzigo wowote, inakula kama wati 50. Kwa saa 24 hizo ni uniti 1.2, kuzidi friji. Siku yako basi ni uniti 5.1.

Sasa tenga usiku na mchana, kwa sababu mchana paneli zinalisha nyumba moja kwa moja na betri inabeba usiku tu. Kuanzia saa 12 jioni hadi saa 1 asubuhi: taa 0.54, feni 1.2, nusu ya friji 0.45, TV 0.2, ruta 0.13, inveta 0.65. Ni kama 3.2. Weka na upotevu wa kugeuza DC ya betri kuwa AC ya nyumba, karibu asilimia 10, betri itatoa uniti 3.5 kila usiku. Hiyo ndiyo namba ya kununulia betri. Ukubwa ulioandikwa kwenye boksi uache pembeni kwanza.

A ina uniti 9.6 kwa maandishi, lakini jeli haitakiwi kushuka chini ya nusu kila siku, kwa hiyo hesabu 4.8. B na C zina 5.12 kila moja. Ukitumia asilimia 80 unapata 4.1. Zote tatu zinavuka 3.5. Kwa kutoa umeme zinalingana.

Zinapoachana ni kwenye kujaza. Jeli inapenda kuchajiwa kwa kama sehemu ya kumi ya ukubwa wake, yaani ampea 20 kwa 200Ah. Ikifika asilimia 80 hivi inaanza kukataa mkondo, na hiyo iliyobaki inaomba saa 3 au 4 za volti thabiti bila haraka. Ukiitoa nusu usiku, inahitaji kama saa 7 za chaji nzuri. Jua lenye nguvu ni la saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni, na humo humo friji na pampu vinagombania umeme. Siku ya mawingu haijai. Wiki ya masika haijai hata siku moja. Betri ya risasi, jeli ikiwemo, isiyojaa hujenga salfa ngumu kwenye sahani zake, uwezo unapungua, na mwenye nyumba anadhani kauziwa feki. Betri nyingi za jeli kwenye nyumba zetu zinakufa kwa njaa hii kabla ya kuchoka kwa umri.

Lithiamu haina shida ya kukaa nusu. Inapokea ampea 30 karibu mpaka mwisho, unarudisha 80Ah kwa saa 3 hivi, na kati ya unachoingiza na unachotoa unapoteza kama asilimia 5. Jeli inapoteza 15 hadi 20.

Usilinganishe bei kwa bei. Chukua bei ya betri, igawe kwa uniti itakazotoa maisha yake yote. Jeli nzuri hutajwa mizunguko (kutoa na kujaza tena) kama 1,200 kwa kuitumia nusu: 4.8 mara 1,200 ni uniti 5,760. Lithiamu fosfati hutajwa 4,000 na kuendelea kwa asilimia 80: 4.1 mara 4,000 ni 16,400. Hata B ikiuzwa mara mbili ya A, kila uniti inatoka kwa bei ya chini. Kura yangu ni B.

Kaskazi
Naungana na fundi kwa matumizi ya kila siku. Ila kuna mtu atausoma uzi huu akiwa na TANESCO inayokatika mara tatu kwa mwezi, saa mbili tatu kila mara. Huyo asikimbilie lithiamu. Betri yake inakaa imejaa muda wote, na risasi inapenda hivyo hivyo. Mizunguko 36 kwa mwaka haitaimaliza. Itakufa kwa umri. Betri mbili za jeli kwenye inveta ya 24V zinamtosha kwa taa, TV na ruta.

Pia angalia LUKU yako. Walio kwenye D1 (kundi la matumizi madogo) wanapata uniti 75 za mwezi kwa bei ya chini, zinazozidi zinauzwa kwa zaidi ya mara tatu ya hiyo. Nyumba ya uniti 4 kwa siku inafika 120 kwa mwezi. Sola ikibeba uniti 2 tu kila siku, hizo za gharama zote 45 zimeondoka. Kwa anayetafuta kupunguza bili peke yake, mfumo mdogo unalipa haraka kuliko wa kubeba nyumba nzima.

Bi_Sola
Naongeza joto, maana ndilo linaloua kimya kimya. Betri ya risasi hupoteza karibu nusu ya maisha kwa kila nyuzi 10 juu ya 25. Stoo yenye mabati bila dari, mchana inafika 35 na kupita. Ile mizunguko 1,200 hapo isome 600. Iwe jeli au lithiamu, weka chumba chenye kivuli na hewa, ukuta usiopigwa na jua la jioni, betri isigusane na inveta kwa sababu inveta inapumua moto.

Ukichagua jeli, nunua chaja yenye kipima joto cha waya kinachobandikwa kwenye betri. Volti ya kuchajia inatakiwa kushuka kama milivolti 24 kwa kila nyuzi moja inayopanda, kwa betri ya 12V. Bila hicho, betri ya nyuzi 35 inachajiwa kupita kiasi kila siku, inakauka na kuvimba tumbo. Na ule mpangilio wa kusawazisha kwa volti kubwa ni wa betri za maji. Kwenye jeli uzime kabisa.

Kwa jirani zetu wa Tanga, Dar na Unguja: boliti za paneli ziwe za chuma kisichoshika kutu. Chumvi inakula za kawaida.

Ihumwa24
Asanteni sana, hesabu ya saa za kujaza imenifungua macho. A naiondoa. Kati ya B na C je? Inveta ya 24V ni nafuu. Na feki nazigunduaje dukani?

Mzee_wa_Breka
C ina udhaifu kwenye ampea. Wati 3,000 kwa 25.6V, ukiweka na upotevu, ni ampea 130 kwenye waya wa betri. Wati hizo hizo kwa 51.2V ni 65. Joto la waya hukua kwa mraba wa mkondo, yaani ampea zikiwa mara mbili, joto mara nne. Kwa C utataka waya wa milimita za mraba 50 na vichwa vilivyobanwa kwa mashine. Betri nyingi za 200Ah zina BMS, ule ubao wa ulinzi wa ndani, wa ampea 100 tu. Pampu ikiwaka pamoja na pasi, BMS inakata na nyumba nzima giza. Pampu ya farasi 1 inapowaka huvuta mara 3 hadi 6 ya wati zake kwa sekunde moja. Inveta ya 5kW inaibeba, ya 3kW inahangaika.

Kwa B: waya wa shaba wa 35, usiozidi mita 2, na fyuzi ya DC ya ampea 125 hadi 150 karibu kabisa na nguzo chanya ya betri. Hapa nasisitiza: breka za AC zisitumike upande wa DC. Mkondo wa AC hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, cheche inajizima. DC haipiti sifuri, cheche inaendelea kuwaka ndani ya breka mpaka plastiki inaungua. Breka ya DC ambayo imeandikwa + na − ifungwe kwa alama zake. Ukiigeuza haizimi cheche.

Feki: beba mzani. Jeli halisi ya 12V 200Ah ina kilo 55 hadi 65. Ya kilo 35 risasi haipo humo. Lithiamu ya 51.2V 100Ah huwa kilo 40 na ushee. Paneli pima kwa futi kamba: ya wati 450 ina takriban mita 2.1 kwa 1.05. Inayoitwa 450 ikiwa na mita 1.5 kwa 0.7, kioo hicho hakiwezi kutoa hata nusu.

Baada ya kufunga, jaza lithiamu, zima paneli na TANESCO, washa mzigo wa wati 500 mfululizo. Betri nzima itakwenda zaidi ya saa 8. Ikikata saa ya 5, irudishe ndani ya muda wa dhamana.

Ihumwa24
Basi ni B. Paneli nimepanga 3 za wati 450 kuanzia, mfululizo mmoja, ya nne baadaye. Inveta imeandikwa MPPT (sehemu yake inayopokea umeme wa paneli) 120 hadi 450V. Mipangilio niweke vipi?

jua_kali_mwz
Mkuu simama hapo kwenye paneli 3. Paneli ya 450W ina kama 41V inapofanya kazi, lakini hiyo ni ya maabara kwa nyuzi 25. Juu ya mabati ya Dodoma mchana paneli inafika nyuzi 65, volti zinashuka kama asilimia 14. Tatu zitakupa 123V asubuhi na kama 106V saa 7 mchana. MPPT yako inaanzia 120. Jua likiwa kali kabisa mfumo ndio utalegea au kuzima, na fundi atabadilisha inveta bila sababu.

Nne zinakupa 141V kwenye joto, na bila mzigo 198V, mbali na kikomo. Wati nazo zinadai hivyo: uniti 5.1 gawa kwa 0.75 ya upotevu wa joto, vumbi na nyaya, gawa kwa saa 5 za jua, unapata wati 1,360. Tatu zinafika 1,350, hakuna hata punje ya masika. Nne ni 1,800.

Anayesoma mwenye inveta ya kikomo 145V asiige: nne mfululizo zitaichoma siku ya kwanza. Huyo aunge mbili mbili, kisha sambamba.

Paneli zielekee kaskazini, mwinuko nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi, na nafasi ya sentimita 10 kutoka kwenye bati hewa ipite. Kivuli cha tangi la maji kikigusa kona ya paneli moja, theluthi ya paneli hiyo inaweza kulala. Osha asubuhi, kioo kingali baridi. Na weka kizuia radi cha DC na nondo ya ardhini; huku Kanda ya Ziwa mfumo bila hivyo haumalizi misimu ya mvua.

fundi_wa_volti
Mipangilio, kwa inveta zenye menyu ya namba (linganisha na kitabu chako):

01 weka SBU: jua kwanza, betri, TANESCO mwisho.
05, aina ya betri, weka USE (unajiwekea volti mwenyewe) kama kebo ya mawasiliano na BMS haijaungana.
11, chaji ya TANESCO, iwe ndogo: ampea 20.
12, kurudi TANESCO, 51.0V, hapo imebaki kama asilimia 20.
13, kurudi betri, 54.0V.
26, volti ya kujaza, 56.0V. 27, ya kushikilia, 54.0V.
29, kukata, 48.0V.

Ukiacha mpangilio wa jeli kwenye lithiamu, chaji inaweza kupanda 57.6V, seli iliyo juu kuliko wenzake inafika kikomo, BMS inakata ghafla na inveta inatoa alamu ya volti kubwa. Watu wengi huilaumu betri.

Pampu ifungie taimu ya saa 5 asubuhi hadi saa 8 mchana. Tangi lililojaa ni umeme uliowekwa akiba bila betri. Pasi, mashine ya kufulia na maharage kwenye jiko la presha la umeme vyote viende muda huo. Betri ikishajaa saa 7, paneli zako zinapunguzwa na inveta yenyewe, na umeme ambao hukuutumia saa hiyo haurudi.

Mzee_wa_Breka
Siku ya kuwasha: betri kwanza, subiri kioo cha inveta kionyeshe volti, halafu breka ya paneli, mwisho TANESCO. Kuzima ni kinyume chake, na soketi za paneli usizichomoe zikiwa zimebeba mkondo.