Hilux LN167: kuinua inchi 2 bila kuua boljointi

mbao_mufindi:
Wakuu, habari za kazi. Gari ni Hilux LN167 dabo kebini, injini 5L, 4x4, mbele tosheni baa (fimbo ya chuma inayojisokota badala ya springi), nyuma springi za majani. Tairi ni 205R16 za kawaida. Siku nyingi inatembea tupu, siku za mzigo inabeba kilo 600 hivi. Barabara za shamba zina makorongo na tumbo la gari linagota. Nataka inchi 2 tu. Fundi ameshauri mbele akaze tosheni baa mpaka mwisho, nyuma aweke bloki za chuma za inchi 3 kati ya ekseli na springi. Nimkubalie?

nati_na_bolti:
Usikubali, mkuu. Kwanza angalia ni nini hasa kinachogota. Kama ni difu ya nyuma (kile kibuyu cha gia katikati ya ekseli), springi hazitakusaidia, maana difu imo ndani ya ekseli na ekseli imekalia tairi. Tairi kubwa tu ndiyo huipandisha. Ukitoka 205R16 kwenda 31x10.5R15 (rimu nazo zinabadilika) unapata kama sentimita 2 chini ya difu. Springi zinainua chasisi, tanki, gia boksi, na kwa gari lako hata difu ya mbele, kwa sababu hiyo imefungwa kwenye chasisi.

Sasa tosheni baa. Kuikaza hakuifanyi iwe ngumu zaidi. Ugumu wake unatokana na unene na urefu wa chuma. Unachofanya ni kubadilisha kimo gari linapotulia. Gari linaanza kudunda kwa sababu mkono wa juu umesogea karibu na raba yake ya kugotea, gurudumu halina tena nafasi ya kushuka kwenye shimo. Kila shimo linakuwa chuma kwa chuma. Hapo boljointi za juu (viungo vya mviringo vya mikono) na sivi jointi (viungo vya shafti za magurudumu ya mbele) zinafanya kazi kwenye pembe kali, buti za mpira zinazozifunika zinapasuka, grisi inatoka, vumbi linaingia.

Kwa hiyo mbele ishia milimita 35 hadi 40. Gari likiwa limesimama kwa uzito wake, ibaki angalau milimita 25 kati ya mkono wa juu na raba. Hicho ndicho kipimo cha kuamini kuliko idadi ya mizunguko ya nati.

Utaratibu: pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa mdigadi, pande zote nne, andika. Piga jeki, weka stendi chini ya chasisi, magurudumu ya mbele yaning'inie ili baa ipungue nguvu. Safisha nyuzi za bolti ya kurekebishia kwa brashi ya waya, weka mafuta ya kulegeza kutu, acha yaingie. Ukikaza ikiwa na uzito na kutu, nyuzi zinachanika. Legeza nati ya kufungia, zungusha mizunguko miwili kila upande, shusha, endesha mita kumi mbele na nyuma, kisha ndiyo upime. Usipoendesha, tairi zinabaki zimebana na kipimo kinakudanganya. Rudia mpaka kimo kifike na pande zilingane. Baa ya kulia na ya kushoto hazibadilishani, ziangalie alama zikitolewa.

Ukiwa na bampa la chuma au winchi, nunua baa nene zaidi. Usimalizie tatizo la uzito kwa kukaza.

springi_za_majani:
Naongezea upande wa nyuma. Bloki ya inchi 3 inampa ekseli mkono mrefu wa kuzungusha springi. Ukipanda mlima na mzigo, jani kuu linajikunja kama herufi S na propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu) inapiga. Kwa kazi yako seti kamili ya springi za milimita 50 zilizotengenezwa kwa mzigo wa wastani ndiyo jibu. Ukichagua za mzigo mkubwa wa kudumu, gari tupu litaruka ovyo.

Kuongeza jani moja ni nafuu, ila jani jipya juu ya majani yaliyochoka halidumu.

U-bolti (zinazofunga springi kwenye ekseli) ziwe mpya kila mara, zile za zamani zimeshavutika. Kichwa cha senta bolti (inayoshika majani pamoja katikati) lazima kiingie kwenye tundu la kikalio cha ekseli. Kikikaa pembeni, gari linatembea upande. Kaza kwa msalaba, kidogo kidogo. Bolti za bushi (raba za kwenye ncha za springi) usizikaze gari likiwa hewani: lishushe, litikise, ndipo ukaze, la sivyo raba inabaki imesokotwa na kupasuka mapema. Rudia kukaza U-bolti baada ya kilomita 100, kisha 500.

Shokapu ziwe za urefu wa gari lililoinuliwa, mbele na nyuma. Fupi itageuka kamba ya kuzuia ekseli isishuke, na itang'oka jichoni.

mbao_mufindi:
Asanteni sana wakuu. Na shakeli ndefu, zile pingili za nyuma ya springi? Nimeona zinauzwa bei rahisi.

breki_kwanza:
Shakeli ikirefuka milimita 50, gari linapanda 25 tu, kwa sababu ncha ya pili ya springi haijasogea. Pia inageuza pembe ya difu. Achana nazo.

Kuna kitu hakijatajwa na ni cha hatari. Juu ya ekseli ya nyuma kuna fimbo inayokwenda kwenye vali ya breki inayosoma mzigo. Ukiinua chasisi, vali inadhani gari ni tupu muda wote na inapunguza breki za nyuma, hata ukiwa na kilo 600. Pandisha kishikizo cha fimbo upande wa ekseli kwa kiasi kilekile ulichoinua nyuma. Kisha ning'iniza ekseli kabisa uangalie mpira wa breki na kebo ya handibreki: vikikaza, tafuta ndefu. Ukifungua mpira, toa hewa kwa mafuta ya breki ya DOT 3.

Baada ya hapo alaimenti (kurekebisha pembe za magurudumu) siku hiyohiyo. Kemba (gurudumu kulala ndani au nje) na kasta (mlalo wa mhimili wa usukani) zimebadilika, na toe (magurudumu kuelekeana au kuachana mbele) ikiachwa inakula tairi haraka. Taa za mbele zishushwe. Ukisikia mtetemo unaoongezeka na mwendo, ni pembe ya propela: kabari ya digrii 2 kati ya springi na ekseli huwa inatosha, lakini pima kwanza pembe ya difu na ya gia boksi kabla ya kuinunua.